Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Watu Wanaoishi na Kisukari

Ndugu wanachama,

Mikutano ya kawaida ilifanyika, zoezi la kupima sukari na kukagua miguu lilifanyika, na tarehe 14 Novemba tuliadhimisha Siku ya Kisukari Duniani. Haya mnayajua. Mashine mpya za kupimia sukari nilizifuatilia mwenyewe hadi zikapatikana. Mweka hazina ni shahidi.

Lililotugawa ni pendekezo la kuchukua alama za vidole na za midomo za watoto wetu, ili tujue mapema nani atapata kisukari. Kamati ililikataa, na fedha zilizoombwa zikanunua vipande vya kupimia sukari. Kwa uamuzi huo nimeitwa mbabe na mpinga sayansi. Naomba nisikilizwe.

Hoja ya wenzetu ina msingi. Mistari ya vidole huanza kujengeka tumboni, takribani wiki ya 10 ya ujauzito, na michoro yake ikishakamilika haibadiliki maishani. Kilichomsumbua mtoto wakati huo chaweza kuacha alama. Mwaka 2009 watafiti waliofuatilia Waholanzi waliozaliwa karibu na njaa ya 1944 na 1945 walieleza kwamba tofauti ya idadi ya mistari kati ya kidole gumba na kidole kidogo ilihusiana na kisukari ukubwani. Utafiti huo ni mimi niliyeuleta mbele ya kamati. Anayesema niliuficha hakuwapo.

Lakini wastani wa kundi haumpimi mtu mmoja. Kwa watu wote vitanzi (mistari inayoingia na kurudi upande uleule) ni asilimia 60 hadi 65 ya michoro ya vidole, mizunguko (mistari ya duara) 30 hadi 35, matao (mistari inayopanda katikati na kutokea upande wa pili) karibu 5. Utafiti mmoja huona mizunguko imezidi kwa wenye kisukari, mwingine huona vitanzi au matao. Midomo ni migumu zaidi. Tangu Suzuki na Tsuchihashi wa Japani walipoainisha alama zake mwaka 1970, zimetumika hasa kutambua watu, na mdomo ukikauka au ukitoka vidonda alama huharibika.

Sasa mzazi aambiwe nini? Mwenye mizunguko aishi kwa hofu, na mwenye vitanzi asipimwe hata akikonda na kukojoa usiku kucha? Hapo nilikataa, na leo ningekataa tena. Kisukari huthibitishwa kwa damu: sukari ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kabla ya kula, au HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu, ya asilimia 6.5 na kuendelea, na asiye na dalili hurudiwa kipimo. Anayetaka kusoma ngozi aangalie shingo na kwapa: weusi mnene, laini kama mahameli, mara nyingi huashiria kwamba mwili hauitikii ipasavyo insulini, homoni inayoshusha sukari. Huyo aje apimwe.

Wanaodai hawakushirikishwa wazisome hesabu: wanachama 112, waliolipa ada 47, waliohudhuria mkutano wa pendekezo hili 19. Akidi haikutimia, kamati ikaamua kama katiba inavyoiruhusu. Inaniumiza kuona watu wanaotegemea vipimo vya chama hawaonekani mikutanoni wala kwenye daftari la ada.

Mwakani, tukijaliwa, tunatarajia kuwafikia ndugu wa wanachama wengi zaidi na pengine kupata mtaalamu wa macho. Utafiti wa alama ukifanywa na chuo chenye kibali cha maadili, nitakuwa wa kwanza kutoa vidole vyangu. Madeni ya ada yalipwe kwa mweka hazina kabla ya mkutano mkuu. Asiyelipa hatapiga kura.

Mwenyekiti