Mdogo wangu, intaneti haipigi picha

Mdogo wangu mpendwa,

Juzi usiku niliipitia tovuti yako yote, kuanzia wasifu hadi orodha ya machapisho, na nilijawa na furaha. Kisha nikafika kwenye ile picha kubwa ya seli, nikakuta chini yake umeandika "Chanzo: Intaneti". Hapo nikakwama.

Intaneti haipigi picha. Kuna mtu aliyeinamia hadubini saa nyingi mpaka akaipata seli ile, na mtu huyo ana jina. Google nayo imekuonyesha tu njia ya kufika picha ilipo. Mwanafunzi wako akiandika "chanzo: maktaba" kwenye tasnifu, si utamrudishia?

Unaikumbuka Picha 51, ile ya eksirei iliyosaidia kufumbua umbo la DNA? Ilipigwa Mei 1952 katika King's College London. Siku hizi wengi humtaja mwanasayansi Rosalind Franklin, na ni haki yake, kwa sababu James Watson, mmoja wa waliofumbua umbo hilo, alionyeshwa picha hiyo bila Franklin kujua. Lakini aliyeipiga ni Raymond Gosling, mwanafunzi wa uzamivu aliyekuwa chini ya usimamizi wa Franklin. Jina la Gosling limo pamoja na la Franklin kwenye makala yao katika jarida la Nature la Aprili 1953, na bado watu humruka. Kila nikiona picha isiyo na jina, namkumbuka yeye.

Najua utaniambia picha yako ni ya bure. Huenda ni kweli, ila bure nayo ina masharti. Kama ina leseni ya CC BY, yaani ile ya Creative Commons inayokuruhusu kuitumia kwa sharti la kumtaja mwenyewe, mtaje aliyeitengeneza, weka kiungo cha ulikoitoa na cha leseni yenyewe, na useme kama umeibadilisha. Naona umeikata pembeni, basi andika hivyo. Usiogope sana: katika toleo la 4.0 la leseni hizo, ukirekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu uligundue, ruhusa yako inarudi. Yenye CC0, yaani ambayo mwenyewe ameachilia haki zake, haikulazimishi kumtaja mtu, lakini ningekuwa wewe ningemtaja tu. Na michoro ya makala zako mwenyewe, soma kwanza mkataba uliosaini na mchapishaji. Huenda haki si zako tena.

Halafu kuna watu wako. Umeandika "Nawashukuru wote walionisaidia". Nani, na kwa lipi? Kuna aliyesanifu kurasa, aliyekuchorea ramani, aliyekupiga ile picha ya uso, na mwenzako aliyekesha akihariri wasifu wako. Mwandike kila mmoja pamoja na kazi aliyoifanya. Waulize kwanza wanapenda majina yao yaandikwe vipi, maana wengine hawapendi kutajwa kabisa.

Ile picha ya seli itafute ilikotoka. Mwenyewe asipojulikana, iondoe, nami nitakaa nawe jioni moja tutafute nyingine.

Dada yako