Aliyepiga ni nani?

Amu

Sahibu yangu Swaleh,

Salaam aleikum. Kikapu nimekipokea jana kwenye boti ya Mokowe, santuri zote nzima. Ila nakuomba, zile nzito nyeusi usizifute tena kwa spiriti. Hizo ni za lakiri, spiriti inaziyeyusha. Kitambaa laini na maji kidogo yatosha.

Waniuliza kuna utamu gani kusikiliza santuri za kufundishia watu kuhesabu hatua za dansi. Utamu, bwana, ni kumsaka aliyepiga. Ganda zima limejaa jina la mwalimu na michoro ya nyayo, mpigaji mara nyingi hata hatajwi. Chukua hiyo ya Victor Silvester, yule Mwingereza. Mwenyewe alikuwa mchezaji, bingwa wa dunia wa dansi mwaka 1922, na bendi yake aliiunda 1935 kwa kuwa santuri za wakati ule hazikushika mwendo mmoja wa kuchezeka. Madaha humo hakuna. Lakini tega sikio kwenye fidla! Inateleza juu bila papara, na chini yake piano mbili: moja imeshika wimbo, ya pili inauzungukazunguka. Fidla hiyo ni ya Oscar Grasso, aliyekaa naye miaka mingi. Sisi tuliolelewa na taarabu, mkono wa mpiga fidla hautupotei.

Ya Arthur Murray ndiyo iliyonichekesha. Mmarekani aliyekuwa akiuza masomo ya dansi kwa posta, na kwenye santuri yake ya twisti anayepuliza saksafoni ni King Curtis! Yule yule wa "Yakety Yak", wimbo wa kundi la Coasters, 1958, saksafoni inayotetea kama kuku aliyetaga.

Sasa ukipita tena kwa yule muuza vikuukuu, usisome karatasi ya katikati peke yake. Iinamishe santuri kwenye mwanga. Pale palipo laini, mistari inapokwisha, pamechongwa namba na herufi. Hiyo ni namba ya rekodi yenyewe, na kwenye madaftari ya kampuni ndiyo inayokupeleka kwenye tarehe, mara nyingine hata kwa wapigaji. Niandikie ya pande zote mbili.

Na ukikuta santuri ya kampuni ya HMV yenye herufi GV mbele ya namba yake, nunua, usibishane bei. Hizo zilianza 1933, nyimbo za Kuba zilizoletwa Afrika. Namba 1 ni "El Manisero" ya Don Azpiazu. Wazee wetu walijifunzia rumba humo, bila mchoro wa nyayo.

Pesa nitakutumia kwa simu. Nisalimie watoto.

Wako,
Mbwana