Usiitupe Bado Hiyo Laptopu

Umoja, Nairobi

Mpendwa Mama Neema,

Hamjambo huko? Sisi tu wazima, ila mvua imeanza na matope ya mtaa huu unayajua. Dadako ameniambia laptopu yako (mwalimu wetu wa Kiswahili angetaka niandike kipakatalishi, anisamehe) imekataa kuwaka, na umeshaanza kumtafuta mnunuzi wa vyuma kuukuu. Ngoja kwanza. Yangu ilizima hivyo hivyo mwezi jana, na barua hii naichapa humo humo.

Stima ilipotea usiku nikijaza alama za mtihani. Iliporudi nikabonyeza kitufe: taa ikawaka, feni ikavuma, skrini nyeusi tititi. Kesho yake fundi mmoja wa mjini akaigeuza mara mbili, hata skrubu hakugusa, akasema bodi, ule ubao mkuu wa ndani, imeungua, lete elfu nane. Nikarudi nayo kwenye matatu nimeipakata kama mtoto mgonjwa.

Aliyeniokoa ni kijana wa jirani anayesomea umeme. Swali lake la kwanza: taa inawaka? Kama hakuna taa kabisa, mshuku soketi, chaja au lile tundu la kuchomekea. Chaja yangu aliipima kwa mita ikasoma karibu volti 20, sawa na kibandiko chake. Yako pia itazame kibandiko, nyingi huwa 19 au 20. Na kama nembo ya kampuni inatokea kwenye skrini halafu inakwama hapo, tafuta ugonjwa kwenye diski au kwenye Windows. Yangu ilikuwa katikati: taa ipo, picha hakuna.

Akachomoa chaja, akatoa betri, akaniambia nibonyeze kitufe sekunde 30 bila kuachilia, umeme uliobaki ndani uishe. Nilijiona mjinga. Lakini kuna mashine zinazoamka kwa hilo tu, kwa hiyo anza nalo, ni bure.

Ilipogoma, akafungua kifuniko cha chini. Vumbi lililokuwa humo, nilitamani angegeuka asilione! Akashika kwanza dirisha la chuma ili mwili usije ukarusha umeme kwenye vipuri, kisha akatoa ramu zote mbili, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, vile vijibao vya kijani vyenye meno ya rangi ya dhahabu. Halafu akairudishia chaja na kuiwasha bila ramu hata moja. Moyo ukanipasuka. Mara ikalia: pii, pii! Kijana akacheka.

"Mwalimu, bodi iliyokufa hailalamiki."

Yaani mashine ilikuwa inatafuta ramu na kupiga kelele kwamba haioni. Hiyo elfu nane ningeilipa kwa ugonjwa usiokuwepo, na bado nikimkumbuka yule fundi nanuna.

Akazima, akachomoa chaja tena, akayasugua meno ya ramu taratibu kwa raba ya penseli, akapangusa vumbi la raba, akaweka moja tu. Nyeusi. Akaibadilisha na ya pili, tundu lile lile. Nembo! Nilipiga kelele mpaka watoto wakatoka chumbani. Kumbe moja ndiyo ilikuwa mbovu, na hata baada ya kusuguliwa haikupona. Nilishuka barabara ya Luthuli mjini, kwenye maduka ya vifaa vya umeme, nayo mkononi kununua mwenzake. Nawe ukienda usiende mikono mitupu, beba ramu yako ya zamani: kuna aina kama DDR3 na DDR4, mikato yake haiko mahali pamoja, moja haiingii kwenye tundu la nyingine, na hata DDR3 zenyewe hazilingani volti.

Baadaye tarehe ya laptopu ilirudi miaka mingi nyuma, intaneti ikawa inakataa kufungua kurasa. Hiyo ni betri ndogo ya saa, duara kama sarafu, ilikuwa imeisha. Tukabadilisha, basi.

Sasa fanya hivi. Jumamosi Neema akiwa nyumbani akushikie tochi, toa ramu zote, uiwashe, na kama italia rekodi huo mlio unitumie kwa WhatsApp. Usihesabu milio mwenyewe, nakujua na papara zako. Kijana yuko hapa mpaka mwisho wa mwezi kabla hajarudi chuoni, nitamsikilizisha. Na skrubu zipange kwenye kisahani, si kwenye leso kama nilivyofanya mimi.

Msalimie Baba Neema.

Wako wa siku zote,
Mama Zawadi