Mshauri wa wanafunzi ahamie karakana

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie afya ya akili ya vijana wanaosomea uhandisi, jambo ambalo vyuoni hukumbukwa zaidi siku ya msiba.

Mimi ni fundi sanifu wa karakana ya chuo. Mwanafunzi haruhusiwi kuigusa mashine ya kukereza chuma kabla hajakunja mikono ya shati na kuvaa miwani. Muhula uliopita kijana wa mwaka wa tatu alitimiza yote hayo, kisha akasinzia amesimama, vidole vikiwa karibu kabisa na chuma kinachozunguka. Nilipozima mashine na kumketisha, alisema hajalala siku mbili kwa sababu ya mchoro wa kukabidhi asubuhi hiyo na sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, zilizokuwa zikimsubiri. Boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, nalo lilikwisha zamani, hivyo alikuwa ameshindia chai. Nikamwambia aende kwa mshauri wa wanafunzi. Akanijibu kwa adabu, "Mzee, ofisi ile inafungwa saa tisa na nusu, na sisi maabara tunatoka saa kumi na moja."

Sikuwa na la kumjibu. Shahada ya uhandisi nchini huchukua miaka minne, asubuhi ni mihadhara, alasiri ni maabara, na likizo ndefu huliwa na mafunzo kwa vitendo, kwa hiyo huduma inayofuata saa za ofisi haiwezi kumfikia mwanafunzi huyu hata ikibandikiwa mabango kila ukuta. Mshauri na aje idarani, walau jioni mbili kwa wiki, na wahadhiri wa mwaka mmoja wakae pamoja kupanga tarehe za kazi zao, maana kila mmoja hudhani ni yeye tu aliyetoa kazi.

Wenzangu wa rika langu husema nasi tulisoma hivyo hivyo. Ni kweli, na wapo tuliosoma nao ambao hadi leo hatujui waliishia wapi.

Linaloniumiza zaidi ni namna tunavyomuaga aliyedisko, yaani aliyeachishwa masomo kwa kufeli. Huyu ni kijana ambaye kwao wameanza kumwita Injinia tangu wiki aliyopata nafasi ya chuo, naye hupewa bahasha dirishani, akasaini, akaondoka, pasipo mtu kumuuliza usiku huo atalala wapi. Barua hiyo ikabidhiwe na mkuu wa idara mwenyewe, mshauri akiwapo, na isitolewe Ijumaa jioni.

Fundi sanifu wa karakana,
Dar es Salaam