Karatasini watatu, saiti kumi na wanne

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi umeme, mama wa watoto watatu, mkazi wa Tandika, Dar es Salaam. Kazi hii niliianza mwaka 2003 nikiwa saidia fundi wa mjomba wangu: kutindua ukuta, kupitisha mabomba, kuvuta waya, kushika ngazi. Cheti nilikuja kukipata baadaye sana, kwa ule utaratibu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kurasimisha ujuzi wa mtaani.

Mwaka jana tulikuwa kwenye ghorofa moja Kigamboni. Mafundi na wasaidizi, kumi na wanne. Kijana wa miaka 19 alipanda ngazi kuunga waya akijua umeme umezimwa. Ulikuwa umezimwa kweli, ila mtu wa chini aliuwasha ili achaji simu. Kijana alipigwa shoti, akaanguka, mkono ukavunjika. Tulipokwenda kuulizia fidia tukaambiwa kampuni ina wafanyakazi watatu tu: mkandarasi mwenyewe, karani na dereva. Wengine wote vibarua. Jina la kijana halikuwa limepelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka wafanyakazi 20 ili kuanzisha chama; waajiri wanatosha wanne. Tozo ya kuendeleza ujuzi inamhusu mwajiri mwenye watumishi 10 na kuendelea. Mwenye watatu karatasini anapita katikati bila kuguswa. Chama cha wafanyakazi wa ujenzi na nishati kipo, TAMICO, lakini kibarua wa wiki mbili atakatwa ada na nani?

Mdogo wangu yuko Ohio, Marekani, anasomea umeme huo huo. Kule chama cha mafundi, IBEW, na chama cha wakandarasi, NECA, wanaendesha mafunzo kwa pamoja. (IBEW ni cha 1891, na rais wake wa kwanza, Henry Miller, alikufa mwaka 1896 kwa kupigwa na umeme akiwa kazini. Waliumia kwanza, kama sisi.) Mdogo wangu atasoma miaka mitano, huku akifanya kazi na kulipwa, na malipo yanapanda kadiri anavyosogea. Kilichonigusa zaidi ni kwamba mkandarasi anachangia mfuko wa mafunzo kwa kila saa ya kazi. Kwa hiyo hata akiwaita watu wake vibarua, saa zao ziko pale pale.

Sisemi tuige kila kitu. Mishahara ya kule tuiache. Ninachoomba ni wakandarasi wa umeme na TAMICO wakae meza moja, kila saidia fundi awe na daftari la saa zake: wiki hii mabomba, wiki ijayo ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), na nani alimsimamia. Mkandarasi anayegonga muhuri wake kwenye fomu ya kuomba umeme TANESCO, hata nyumba yenyewe wakati mwingine hajaiona, atie saini na kwenye daftari hilo.

Yule kijana mkono umepona, sasa yuko na mimi. Nimemnunulia kaunta buku, kila Jumamosi tunaandika. Ukurasa wa 11 tumefika, na sehemu ya saini ya mkandarasi bado nyeupe.

Mama Fundi,
Tandika, Dar es Salaam