Kabla hujalipa arbuni ya trela

Swahiba Hamisi,

Salamu nyingi, na zile za Mama Zuhura zimefika. Sisi wazima. Najua nimekaa kimya, barua zako mbili bado hazijajibiwa, na ugomvi wa Kassimu na shemeji yake tutauzungumza siku nyingine. Hii ya tatu ndiyo iliyonishtua. Eti Jumamosi unakwenda kulipa arbuni ya trela ya kulala safarini? Ngoja kwanza, bwana.

Picha nimeziona zote. Mapazia mazuri, jiko la mafiga mawili, kitanda kipana. Niliyokuwa naitafuta mimi ni ya kile kibati cha uzito, nacho kimejitokeza nusu tu pembeni mwa mlango. Kinasema kilo 680 ikiwa tupu, 900 ndio mwisho. Wewe umeishia kwenye 680 ukafurahi, maana gari lako limeandikiwa kuvuta 1,000. Lakini hiyo 680 ni trela ilivyotoka kiwandani, na mara nyingi huwa haina betri, haina mtungi wa gesi, haina turubai la kivuli, haina hata tone la maji. Nani atakwenda kulala porini na kitu hicho?

Shika kalamu. 900 toa 680, unabaki na 220. Tangi la lita 80 likijaa ni kilo 80. Mtungi wa gesi kilo 9, ukijumlisha na chuma chake, ni kilo 18 hivi. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 ni kilo 25 hadi 30. (Ya lithiamu ni nusu ya hapo, na chaji yake unaitumia karibu yote, ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila mara, unaiua.) Umebakiwa na kilo tisini na kitu, na bado hujapakia sufuria, viti, magodoro, nguo za watu wanne wala zile baiskeli.

Tena hiyo 1,000 ya gari ni ukomo. Acha nafasi ya moja ya tano, yaani trela iliyopakiwa isizidi 800. Mkipanda milimani, injini isiyo na tabo (kile kipuliza hewa) hupoteza karibu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Na barabara kuu kinachomaliza mafuta zaidi ni upana na urefu wa ule uso wa mbele unaopambana na upepo, kuliko hata kilo. Ndiyo maana napenda zile fupi zenye paa la kuinuliwa mkishafika.

Hilo la kilo lakini unaweza kulirekebisha kwa kupunguza mizigo. Linaloniwasha ni uzito unaolalia ndoano ya gari. Trela zilizoundwa kwa desturi ya Marekani hutaka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote uikalie ndoano. Kwa kilo 900 hiyo ni 90 hadi 135. Za Ulaya hutosheka na asilimia 5 hadi 7, na huvutwa kwa mwendo wa chini zaidi. Ndoano ya gari lako, kama ni lile lile la kijivu, mwisho wake ni 75. Basi trela ya desturi ya kwanza umeshaikosa, na ya pili itakutosha. Kilo hizo pia zinahesabika kama abiria ndani ya gari, usizisahau.

Usije ukajidai mjanja kwa kusogeza mizigo nyuma ili ndoano iwe nyepesi. Nyuma ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, ikizidi uzito, mwendo ukiongezeka trela huanza kutikisa mkia, na mkia huo hulitupa gari nje ya barabara. Ikianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawasawa, usikanyage breki kwa nguvu wala usijaribu kuinyoosha kwa kugeuzageuza usukani. Kama ina breki za umeme na kidhibiti kiko karibu na mkono wako, zibonyeze za trela peke yake. Hivi ina breki? Ulaya, trela ya zaidi ya kilo 750 lazima iwe nazo, na mimi hata pasipo na sheria nisingeivuta bila breki.

Kupima ndoano ni kazi ndogo. Zuia magurudumu kwa vigingi, weka mizani ya kupimia watu chini ya kichwa cha trela (pale inaposhikia ndoano), juu yake simamisha gogo lenye urefu wa kukifanya kichwa kikae kimo kile kile cha ndoano, kisha teremsha jeki. Pima tangi likiwa tupu, pima tena likiwa limejaa. Tangi likiwa nyuma ya ekseli, namba itashuka.

Sasa maji ya mvua. Bonyeza kuta kwa kidole gumba kwenye pembe zote, chini ya madirisha, ndani ya makabati na sakafu ya mlangoni. Pakibonyea, mbao zimeshaoza, ondoka. Rangi mpya sehemu moja tu ya dari, mimi huishuku. Trela ya faibaglasi ya vipande viwili ina mshono mmoja tu wa kiunoni, lakini hata hiyo huvuja kwenye ribiti na kwenye dirisha la dari.

Tairi: tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la trela huzeeka kwa jua na kusimama, likifika miaka sita libadilishe hata kama meno yamejaa. Inua gurudumu, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza au likikwaruza, ni beringi mbovu hizo.

Na kichwa cha ndoano, kile cha mviringo kwenye gari, je, ni cha milimita 50 au inchi 2? Zinakaribiana, lakini usizichanganye. Saizi imechongwa juu yake. Kibati kizima kinasemaje? Tangi liko mbele au nyuma ya ekseli? Kitanda umelala wewe mwenyewe ukanyoosha miguu, au umetazama tu? Baiskeli mnazibeba kweli? Na Bi Salma anaikubali yenye paa la kuinuliwa, au bado anataka ile yenye choo? Nijibu kabla ya Jumamosi, nami nitakupigia hesabu upya.

Wako,
Athumani