Barua kwa mwanangu aliyeko Honolulu

Kidatu, Morogoro
Jumapili jioni

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, goti la mama yako limetulia, na msimu umeanza, kwa hiyo malori ya miwa yanapita hapa usiku kucha.

Picha yako ya bendera imefika. Umeuliza kwa nini kwenye baadhi ya nyumba bendera ya Hawaii inapeperushwa kichwa chini, na kwa nini ina alama ya Waingereza pembeni ilhali uko Marekani. Ningekujibu kwa ujumbe wa sauti, lakini najua mrefu ukizidi unauruka. Basi soma.

Bendera kugeuzwa ni desturi ya mabaharia: chombo kiko taabani, kinaomba msaada. Wenyeji wanaoigeuza wanasema nchi yao ilichukuliwa na haijarudishwa. Ile alama ya Waingereza ni ya urafiki wa wafalme wa zamani na Uingereza, maana Hawaii haikuwahi kuwa koloni lao. Mara moja tu, Februari 1843, nahodha wa Kiingereza, Lord George Paulet, aliiteka kwa miezi mitano. Wakubwa wake hawakumtuma. Julai 31 mwaka huohuo Admeri Richard Thomas akafika, akamrudishia mfalme nchi yake. Likumbuke tukio hilo, kwa sababu miaka 50 baadaye malkia wa Hawaii, Liliʻuokalani, naye alilikumbuka.

Mimi si mwanahistoria. Nimezeekea kwenye mizani ya miwa, kwa hiyo habari yoyote naianzia kwenye sukari, na hii ya Hawaii inataka kuanziwa hapo.

Wamisionari kutoka Boston walifika mwaka 1820. Waliiandika lugha ya Kihawaii kwa herufi, wakafundisha watu kusoma, na haikuchukua muda nchi nzima ikawa inasoma magazeti kwa lugha yake. Hilo ni jema, silipingi. Miaka hiyohiyo wafanyabiashara wa Salem, jirani kabisa na Boston, walikuwa wanaleta kwetu Unguja kile kitambaa ambacho bibi zetu walikiita merikani. Sayyid Said alifunga mkataba na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 konsuli wao akaweka ofisi Unguja. Kwetu walitaka pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Walinunua, wakauza kitambaa chao, wakapakia na kuondoka. Waliokuja kutukalia walikuwa wengine. Hawaii walikaa. Watoto na wajukuu wa wale wamisionari walisomea sheria, wakanunua ardhi baada ya sheria ya 1850 kuwaruhusu wageni kuimiliki, wakapanda miwa.

Mwaka 1875, enzi za Mfalme Kalākaua, ukafungwa mkataba kwamba sukari ya Hawaii iingie Marekani bila ushuru. Wewe umekulia hapa, unajua kibali kimoja cha kuingiza sukari ya nje kinavyoweza kujaza maghala ya kiwanda na kuwaacha wakulima wetu wa miwa wakisubiri malipo. Sasa ligeuze hilo: nchi ndogo ifunguliwe mlango wa soko kubwa kuliko yote bila kulipa senti. Katika miaka 15 sukari waliyouza nje iliongezeka kama mara kumi. Maji ya milimani yakachepushwa kwenda mashambani. Vibarua wakaletwa kutoka China, Ureno na Japani kwa mikataba ya miaka kadhaa, na aliyetoroka kabla ya muda kwisha alikamatwa na kupelekwa mahakamani. Walipewa kibati cha namba, bango walikiita, na mnyapara alimwita mtu kwa namba yake.

Mkataba ulipofanywa upya mwaka 1887, Marekani ikadai nyongeza: Bandari ya Pearl iwe ya meli zake za kivita peke yake. Mwaka huohuo kundi la wageni wenye mali, wakiwa na kikosi chao cha bunduki, wakamlazimisha Kalākaua kusaini katiba mpya. Watu wanaiita Katiba ya Singe, kile kisu cha ncha ya bunduki, mpaka leo. Ilimnyang'anya mfalme madaraka, ikaweka masharti ya mali kwa wapiga kura hata Wahawaii wengi wakakosa sifa, ikawafungia nje kabisa Wachina na Wajapani, huku Mmarekani au Mzungu mwingine akiruhusiwa kupiga kura bila kuwa raia.

Kisha ikaja sheria ya ushuru ya mwaka 1890. Mbunge aliyeisukuma aliitwa William McKinley, na utamwona tena. Sheria hiyo iliondoa ushuru kwa sukari ghafi ya nchi zote, ikampa mkulima wa Marekani ruzuku ya senti 2 kwa kila ratili. Faida ya Hawaii ikayeyuka. Njia moja ya kuipata ruzuku ile ilikuwa Hawaii yenyewe iwe Marekani.

Wengi huishia hapo, wakasema basi, ni sukari. Mimi nasita, ingawa sukari ndiyo iliyonilisha. Tajiri mkubwa wa sukari visiwani, Claus Spreckels, alikataa kuunganishwa, kwa kuwa sheria za Marekani zingempiga marufuku kuleta vibarua wa mkataba. Waliopanga mapinduzi ya kumwondoa malkia, kina Lorrin Thurston, walikuwa zaidi mawakili na wafanyabiashara wa mjini. Walitaka faida, ndiyo, ila zaidi ya faida hawakutaka kutawaliwa na Mhawaii.

Liliʻuokalani alirithi kiti Januari 1891, baada ya kaka yake Kalākaua kufia San Francisco. Januari 14, 1893 alitaka kutangaza katiba ya kurudisha kura za watu wake. Mawaziri wake mwenyewe wakagoma kusaini, akaahirisha. Wale wageni wakaunda kamati ya watu 13, wakaiita Kamati ya Usalama, wakamwendea balozi wa Marekani, John Stevens. Januari 16 jioni meli ya kivita Boston ikashusha askari 162. Ilisemwa wamekuja kulinda mali na maisha ya Wamarekani, lakini walikwenda kulala Arion Hall, karibu na ikulu na jengo la serikali, mbali na mitaa waliyoishi Wamarekani. Kesho yake kamati ikatangaza serikali, na Stevens akaitambua siku hiyohiyo. Wiki mbili baadaye aliandikia Washington kwamba tunda la Hawaii limeiva na huu ndio wakati wa Marekani kulichuma.

Hapa ndipo nilipomvulia kofia yule mama. Hakujiuzulu kwa kamati. Aliandika kwamba anaachia mamlaka kwa nguvu kubwa ya Marekani, ili damu isimwagike, mpaka serikali ya Marekani itakapoupata ukweli, ifute kitendo cha mwakilishi wake na kumrudisha kwenye kiti. Ukisoma ukiwa na 1843 kichwani unaona hesabu yake: nahodha hakutumwa, wakubwa wake watarekebisha.

Na ilikaribia kuwa hivyo. Rais Grover Cleveland alimtuma James Blount kuchunguza, na Desemba 18, 1893 akaliambia Bunge la Marekani kwamba kilichofanyika Honolulu kilikuwa kitendo cha vita, kisicho na idhini ya Bunge. Akataka malkia arudishwe. Sanford Dole, rais wa serikali ya mapinduzi, akamjibu kwamba Marekani haina haki ya kuingilia mambo ya ndani ya Hawaii! Cleveland hakuwa tayari kutumia nguvu kuwaondoa. Julai 4, 1894 wakajitangazia jamhuri, tarehe ya uhuru wa Marekani, wala hawakuona haya. Wafuasi wa malkia walipojaribu kuasi Januari 1895 wakashindwa, naye akafungiwa chumba cha juu katika ikulu yake mwenyewe, ʻIolani, kwa miezi kadhaa. Humo alishona blanketi la vipande vya hariri. Lipo palepale ikulu, kaliangalie.

Sasa fika kwenye jambo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. McKinley akawa rais, na Juni 1897 akasaini mkataba wa kuichukua Hawaii. Mkataba ulihitaji theluthi mbili ya Seneti. Jumuiya ya wanaume ya wazalendo iliyoitwa Hui Aloha ʻĀina, na ya wanawake iliyoongozwa na Abigail Kuaihelani Campbell, zikaanza kukusanya saini za kupinga. Walikwenda kisiwa hadi kisiwa. Kuaihelani Campbell na Emma Nāwahī walisafiri mpaka mji wa Hilo kuhutubia wanawake. Kila mtu aliandika jina lake na umri wake, wanaume karatasi zao, wanawake zao. Zikapatikana saini zaidi ya 21,000 katika kurasa 556. Sensa ya 1890 ilihesabu Wahawaii takriban 40,000, pamoja na machotara na watoto. Sijui kura yoyote ya huku kwetu iliyofikia uwiano huo bila mtu kununuliwa fulana.

Wajumbe wanne, James Kaulia, David Kalauokalani, John Richardson na William Auld, walizipeleka Washington Desemba 1897, wakazunguka ofisi za maseneta mmoja baada ya mwingine. Kufikia Februari 1898 waliounga mkono mkataba walikuwa 46, na zilihitajika kura 60. Mkataba ukafa. Nisikudanganye kwamba maseneta wote waliokataa waliwapenda Wahawaii: wengine walilinda sukari ya Louisiana, wengine hawakutaka Waasia ndani ya nchi yao. Lakini wale wajumbe walirudi nyumbani wameshinda.

Februari 15 meli ya kivita ya Marekani, Maine, ikalipuka bandarini Havana, Cuba, iliyokuwa ya Hispania. Aprili vita na Hispania. Mei 1 Dewey, kamanda wa meli za Marekani, akazamisha meli za Kihispania Manila, Ufilipino, na ghafla kila mtu Washington akawa anazungumzia kituo cha meli kujazia makaa ya mawe katikati ya bahari. Safari hii hawakuleta mkataba. Walileta azimio la kawaida, linalopita kwa wingi wa kura tu: wawakilishi 209 kwa 91, maseneta 42 kwa 21. Ukipiga hesabu, 42 ni theluthi mbili kamili ya waliopiga kura. Vita ilikuwa imegeuza vichwa. McKinley akasaini Julai 7, na Agosti 12 bendera ya Hawaii ikashushwa ʻIolani.

Ufilipino ndiyo ilimwaga damu. Emilio Aguinaldo, kiongozi wa Wafilipino, alikuwa ametangaza uhuru kutoka Hispania Juni 12. Desemba Hispania ikaiachia Marekani visiwa vyote kwa dola milioni 20, Wafilipino hawamo chumbani. Vita iliyofuata, kuanzia Februari 1899, iliua raia wengi mno, kwa risasi, njaa na kipindupindu. Hiyo inataka barua yake.

Mwaka 1993 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuomba radhi, Rais Clinton akalisaini. Linakiri kwamba ekari 1,800,000 za ardhi zilichukuliwa bila ridhaa wala fidia, kisha mwishoni linasema hakuna lililoandikwa humo la kumaliza dai lolote dhidi ya Marekani. Wewe ndiye unayesoma sheria: radhi ya namna hiyo ina uzito gani mahakamani? Muulize mwalimu wako, uniambie alivyojibu.

Nakala za zile kurasa zinapatikana huko, na watu hutafuta majina ya bibi na babu zao. Ukiwa na mwenzako mwenyeji aliyewahi kutafuta, ningependa kujua aliona nini, kama hataona tabu kusema.

Ada ya Hamisi tumeshalipa, usitume chochote mwezi huu. Nunua viatu.

Ni mimi, baba yako.